Kupe wa Leparua na daftari la nukuu: Tumpime vipi mwanasayansi wetu?

Mfugaji wa Leparua akikagua ng'ombe wake jioni, huanza na masikio. Hupindua ukingo wa sikio, akachungulia ndani penye ngozi laini, akang'oa kupe mmoja baada ya mwingine. Kisha huinua mkia na kutazama chini yake, halafu kwapani na kwenye kiwele. Hakuna aliyemfundisha darasani kwamba kupe wana makao yao maalumu mwilini mwa mnyama. Amelijua hilo kwa macho na vidole, kama alivyolijua baba yake kabla yake.

Lakini kupe anajuaje njia? Hupanda kutoka kwenye jani la nyasi, akashika mguu au tumbo, akatambaa gizani chini ya manyoya hadi afike sikioni. Safari hiyo ni ndefu kwa mdudu mwenye ukubwa wa mbegu ya ufuta, na hapotei.

Mwaka 2004 watafiti wanne, Wanzala, Sika, Gule na Hassanali, walichapisha jibu katika jarida la Chemoecology. Jibu ni harufu. Harufu itokayo sikioni mwa ng'ombe humvuta kupe wa kahawia wa masikio, ambaye kitaalamu huitwa Rhipicephalus appendiculatus, na wakati huohuo humfukuza jamaa yake Rhipicephalus evertsi, ambaye hupenda kujibandika chini ya mkia. Harufu ya chini ya mkia nayo hufanya kinyume: humwita huyu wa pili na kumkimbiza yule wa kwanza. Kila kupe huelekezwa kwake na harufu mbili, moja ya kumkaribisha na nyingine ya kumkataza njia isiyo yake.

Jina la mwisho katika orodha ile, Ahmed Hassanali, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hassanali ni mkemia ogani, yaani mtaalamu wa kampaundi za kaboni, zile zinazojenga miili ya viumbe, harufu zao, sumu zao na dawa zao. Kwa miaka mingi aliongoza idara ya ekolojia ya kemikali na tabia za wadudu katika icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, na baadaye akafundisha na kutafiti katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Makala zake zimenukuliwa na watafiti wa mabara mbalimbali. Ukizipanga moja baada ya nyingine, unakuta orodha ya matatizo ambayo mfugaji na mkulima wa Afrika Mashariki angeyataja mwenyewe: kupe, mbung'o, nzige, mbu, funza wa mahindi.

Ndiyo maana ninaiweka kazi hiyo mbele ya watu wa Leparua na kuuliza: mwanasayansi wa aina hii tunampima kwa kipimo gani?

Nyasi zinazogawanwa na wengi

Leparua ni eneo la wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, magharibi mwa mji wa Isiolo, jirani na hifadhi ya Lewa. Wakazi wake, wa jamii zaidi ya moja, wameunda hifadhi ya jamii: ardhi inabaki malisho ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, na papo hapo inakuwa njia na makazi ya wanyamapori. Pundamilia, nyati na tembo hula na kunywa palepale mifugo inapokula na kunywa.

Faida za mpango huo zinajulikana, na gharama zake pia. Mnyamapori akipita huacha kupe kwenye nyasi, na baada ya muda kupe hao humpanda ng'ombe. Katika maeneo makavu kama haya, kupe anayeonekana sana ni Rhipicephalus pulchellus, mwenye mapambo meusi na meupe mgongoni yaliyompa jina la kupe wa pundamilia. Yule wa kahawia anayeeneza ndigana kali hupenda zaidi sehemu zenye unyevu. Basi utafiti wa mwaka 2004 haukumlenga kupe mkuu wa Leparua. Ulichowapa watafiti ni funguo: kama kupe wawili wa ukoo mmoja huongozwa na harufu hadi kwenye makao yao, inafaa kuuliza vivyo hivyo kuhusu wa tatu. Utafiti mzuri huzaa swali la pili namna hiyo, na makala ya mtu mmoja huishia kuwa msingi wa makala za watu wengine.

Mwaka 2020 ulileta mgeni mwingine. Nzige wa jangwani waliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019 kupitia kaskazini mashariki, na kufikia Januari Isiolo, Samburu, Laikipia na Meru zilikuwa zimevamiwa. Nchi ilikuwa haijaona uvamizi wa kiwango hicho kwa miaka 70. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikumbusha kwamba kundi la nzige lililoenea kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 80, na kwa siku moja hula chakula kinachotosha watu 35,000. Mfugaji hana shamba la mahindi la kulilia. Shamba lake ni nyasi na majani ya miti, na ndivyo nzige walivyovila.

Wakati watu wakipiga madebe na kuwasha moto wa moshi kuwafukuza, katika maabara za ulimwengu kulikuwa na makala za miaka ya 1990 zilizoeleza jinsi nzige wanavyoitana. Nyingi ziliandikwa Nairobi.

Kumsikiliza nzige kwa kunusa

Tangu mwaka 1921, mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipotoa nadharia yake, ilijulikana kwamba nzige ana sura mbili. Akiwa peke yake ni panzi mpole wa rangi ya majani au mchanga, anayekwepa wenzake. Wakisongamana baada ya mvua, hubadilika rangi na tabia, wakaanza kufuatana. Tunutu wasio na mabawa huandamana ardhini, na wakomavu huruka kwa makundi. Kilichobaki bila jibu ni hiki: wanaambizana nini hadi wakae pamoja?

Kikosi cha icipe alichokuwamo Hassanali, pamoja na Baldwyn Torto kutoka Ghana na Peter Njagi wa Kenya, kililichukua swali hilo kama wakemia. Kazi yenyewe inafanyika hivi. Nzige huwekwa ndani ya chombo cha kioo. Hewa iliyosafishwa kwa mkaa hupitishwa juu yao polepole, kisha hupenyezwa katika kijineli chenye chembechembe zinazonasa harufu. Baada ya saa kadhaa chembechembe hizo huoshwa kwa kiyeyushi, na matone machache yanayopatikana huingizwa katika mashine ya kromatografia ya gesi, inayozitenganisha kampaundi moja moja kwa kadiri zinavyochelewa njiani.

Sasa kunabaki kujua ipi kati ya hizo ina maana kwa nzige mwenyewe. Papasi ya nzige hukatwa na kuunganishwa kwa nyaya nyembamba mno kati ya elektrodi mbili. Kila kampaundi inapotoka kwenye mashine hupulizwa kwenye papasi hiyo. Kama papasi inaitambua, mshtuko mdogo wa umeme huchorwa kwenye karatasi. Mkemia hukaa akilinganisha mistari miwili, wa mashine na wa papasi, hadi aone inapokutana. Kwa dakika hizo pua ya mdudu ndiyo inayofanya kazi ya chombo cha maabara.

Kwa njia hiyo, mwaka 1994 Torto, Hassanali na wenzao waliripoti katika Journal of Chemical Ecology kwamba kampaundi iitwayo fenilasetonitraili, inayotolewa na madume waliokomaa, ndiyo kiungo kikuu cha harufu inayowakusanya nzige wakomavu wa jangwani. Katika miaka hiyohiyo kikosi kilekile kilionyesha kwamba povu linalofunika mayai ardhini lina asetofenoni na veratroli, zinazowavuta majike wengine waje kutaga palepale. Hapo ndipo kundi linapoanzia: mayai ya akina mama wengi mahali pamoja, watoto wakizaliwa tayari wamesongamana.

Kisha likaja jambo lililowashangaza wengi. Harufu ya wakomavu ikiwafikia tunutu, huwavuruga. Huacha kuandamana, hutawanyika, hula kidogo, huanza kulana wenyewe kwa wenyewe na huwa chakula rahisi kwa ndege. Majaribio ya nyikani yalifanyika Sudan, icipe ilipokuwa na kituo Port Sudan, na kiasi kilichohitajika kilikuwa kidogo sana, takribani mililita 10 kwa hekta. Tunutu waliovurugwa hivyo waliangamizwa kwa kiasi kidogo cha dawa kuliko kawaida. Kwa nchi ya wafugaji, ambako sumu iliyopulizwa juu ya nyasi ni sumu itakayoliwa na mbuzi na kumfikia nyuki, hilo ni jambo zito.

Muhtasari wa kazi hiyo yote ulichapishwa na Hassanali, Njagi na Magzoub Bashir mwaka 2005 katika Annual Review of Entomology. Mpaka leo, mtafiti anayeanza kusoma kemia ya nzige hupitia hapo.

Wanaokubali na wanaopinga

Hapa ndipo hesabu ya nukuu, yaani idadi ya mara makala inapotajwa na makala nyingine, inapoanza kuwa na maana, na pia kuwa na mipaka yake.

Mwaka 2002 wanasayansi wa Ujerumani, Karsten Seidelmann na Hans-Jörg Ferenz, walikuja na ushahidi tofauti. Kwa maelezo yao, madume hutoa fenilasetonitraili ili kuwazuia madume wengine wasiwasumbue wanapojamiiana. Si mwito wa kukusanyika. Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha kwamba kwa nzige wahamaji, ambao ni spishi nyingine, kampaundi hiyohiyo ni onyo kwa ndege: anayemla nzige huyo atakutana na sianidi. Na Agosti 2020, nzige wakiwa bado wanazunguka kaskazini mwa Kenya, jarida la Nature lilichapisha kazi nyingine kutoka China iliyoitaja kampaundi tofauti, vinilanisoli, kuwa ndiyo inayowakusanya nzige wahamaji.

Kila mmoja wa wapinzani na warithi hao aliinukuu kazi ya Nairobi. Katika daftari la nukuu, aliyekubali na aliyepinga huandikwa mstari uleule, na kila mmoja ni moja. Hilo halimpunguzii Hassanali hadhi hata kidogo. Hoja iliyostahili kupingwa kwa majaribio ya miaka mingi ni hoja iliyosimama imara vya kutosha kupimwa, na sayansi husonga kwa watu kupimana namna hiyo. Ila msomaji anayeona tarakimu tupu ajue kwamba tarakimu hiyo imejumlisha sifa, mabishano na desturi ya kumtaja aliyetangulia.

Daftari lenyewe lina historia yake, na lilianzishwa na mtu wa kemia. Eugene Garfield, Mmarekani aliyesomea kemia, alipendekeza mwaka 1955 kwamba makala za sayansi zifuatiliwe kwa kuangalia nani amezitaja, na mwaka 1964 akatoa faharasa ya kwanza kamili ya nukuu za sayansi. Lengo lake lilikuwa kumsaidia mtafiti kupata makala zinazomhusu. Kadiri miaka ilivyopita, chombo cha kutafutia makala kikageuzwa mizani ya kupimia watu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaongeza kipimo cha h: mtafiti mwenye h ya 40 ana makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 40. Kipimo hicho ni rahisi kukikokotoa na rahisi kukilinganisha, na vyuo vikikipenda ni kwa sababu hiyo.

Lakini angalia kinachopanda juu. Makala iliyonukuliwa kuliko zote duniani ni ya mwaka 1951, ya Oliver Lowry na wenzake, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika. Imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Ni njia ya maabara, na kila aliyeitumia aliitaja. Makala kuhusu kupe wa ng'ombe wa Afrika, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kufika huko, kwa kuwa watafiti wa kupe wa ng'ombe wa Afrika ni wachache. Nukuu huhesabu wasomaji wanaoandika. Mfugaji anayefaidika haandiki makala, wala hana mahali pa kuweka jina lake.

Mboga ya bibi na utomvu wa hagar

Kuna sehemu ya kazi hii inayowagusa watu wa Isiolo kwa karibu zaidi, nayo ni mimea.

Mgagani, ambao Wakenya wengine huuita saga au saget, huota wenyewe mvua zikinyesha, hata penye mavi ya mifugo karibu na boma. Ni mboga chungu kidogo inayopendwa sana. Mwaka 1992 kikosi kilichomhusisha mtafiti Malonza kiliripoti kwamba mahali mmea huo ulipotawala, kupe hawakuonekana hadi umbali wa mita 2 hadi 5 kutoka kwenye mmea. Mwaka 1999 Lwande, Hassanali na wenzao wakachapisha katika Phytochemistry uchunguzi wa mafuta ya mmea huo, wakataja kampaundi zinazomfukuza kupe, moja baada ya nyingine, karvakroli ikiwa ndiyo iliyopatikana kwa wingi.

Miti ya jamii ya Commiphora nayo imejaa nyanda kavu za kaskazini. Utomvu wake ndio manemane, na aina nyingine ndio hagar, ambayo akina mama na vijana huikusanya kwenye magome na kuipeleka sokoni Isiolo, Wajir na kwingineko. Mwaka 1982 mkemia Maradufu alieleza muundo wa kampaundi za manemane, na mwaka 1989 yeye na wenzake wa Marekani wakaonyesha kwamba dondoo la Commiphora erythraea hufukuza na kuua kupe. Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya, akiwamo John Pickett wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walithibitisha kwamba utomvu wa hagar, wa mti wa Commiphora holtziana, humfukuza kupe wa ng'ombe kwa saa kadhaa katika majaribio ya maabara.

Ukifuatilia marejeo ya makala hizi, unaona kila moja ikimshika mkono iliyotangulia, kutoka Nairobi hadi Marekani na Uingereza. Ni urithi wa kujivunia. Hata hivyo, mwanzo wa mnyororo huo hauonekani katika marejeo. Kabla ya mkemia kuchagua mti wa kuuchunguza, kuna mtu aliyekwisha kujua kwamba mti huo una kazi. Mara nyingi mtu huyo ni mzee anayechunga, au mama anayekusanya utomvu. Maarifa yake huingia katika utangulizi wa makala kwa maneno matatu, "hutumika na wenyeji", kisha hesabu ya nukuu huanzia kwa mwandishi.

Kenya imeweka sheria kuhusu hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inaitambua nafasi ya sayansi na teknolojia za wenyeji katika maendeleo ya taifa. Itifaki ya Nagoya, inayotaka faida za rasilimali za kibiolojia zigawanywe kwa haki, ilianza kutumika duniani Oktoba 2014, na Kenya ni mwanachama. Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na usemi wa kitamaduni. Maandishi yapo. Kinachotakiwa ni mtafiti anayekwenda Leparua kuomba ruhusa ya jamii aje pia siku ya pili, akiwa na majibu.

Pale utafiti uliporudi nyumbani

Kurudi kunawezekana. Mfano bora unapatikana Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na Hassanali ana mkono wake humo.

Mwaka 1997 Zeyaur Khan wa icipe, Hassanali, Pickett na wenzao walichapisha katika Nature kwamba nyasi molasi ikipandwa kati ya mahindi hutoa harufu inayomfukuza nondo wa funza wa mabua na kumwita nyigu mdogo anayewaua funza hao. Baadaye nafasi ya nyasi hiyo ilichukuliwa na mmea wa desmodiamu, na wakulima wakaona jambo ambalo halikupangwa: gugu la kiduha, linalonyonya mizizi ya mahindi, lilififia. Hassanali na wanafunzi wake wakaingia udongoni. Mwaka 2003 Muniru Tsanuo, Hassanali na wenzao walieleza kampaundi zinazotoka kwenye mizizi ya desmodiamu, baadhi zikichochea mbegu za kiduha ziote na nyingine zikizuia mizizi yake isiyafikie mahindi. Kiduha huota, hakipati pa kushika, kinakufa.

Teknolojia hiyo, inayoitwa sukuma-vuta, leo inatumiwa na wakulima zaidi ya 100,000 katika Afrika Mashariki. Makala ya Nature imenukuliwa mara mamia. Nambari hizi mbili zimekua pamoja kwa sababu watafiti walipanda mashamba yao kwa wakulima, wakawaacha wakulima wawafundishe wakulima, na desmodiamu yenyewe ikawa lishe ya ng'ombe wa maziwa. Kemia iliwaeleza kwa nini inafanya kazi. Shamba liliwaonyesha kwamba inafanya kazi.

Mbung'o nao wana hadithi yao. Gikonyo, Hassanali na wenzao walilinganisha mwaka 2002 harufu ya ng'ombe na nyati, ambao mbung'o huwapenda, na harufu ya kuro, ambaye mbung'o humkwepa ingawa yupo tele. Kampaundi za kuro zikawekwa ndani ya kidude kinachovalishwa shingoni mwa ng'ombe. Katika majaribio yaliyofanyika Kwale na kuripotiwa mwaka 2017 na Rajinder Saini na wenzake, maambukizi ya ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe waliovaa kidude hicho yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kuro wanaotembea kando ya mito ya Isiolo ni ndugu wa wale waliotoa siri hiyo.

Tuongeze safu ya pili

Sikubaliani na wanaosema nukuu hazina maana. Bila hizo, kazi ya mkemia wa Nairobi ingeweza kupotea, na mtu wa mbali angeidai kuwa yake. Nukuu humlinda mtafiti wa Afrika. Ni ushahidi wa maandishi kwamba jambo fulani lilijulikana hapa kwanza. Kijana wa Isiolo anayesomea kemia anapaswa kuziona makala hizi na kujua kwamba swali lililozaliwa kwenye boma linaweza kufika Nature.

Ninachokataa ni kuzifanya safu pekee katika daftari. Azimio la San Francisco, lililoandaliwa mwaka 2012, na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 tayari yameonya dhidi ya kumpima mtu kwa tarakimu za majarida. Nchini mwetu, mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 kuhusu uajiri na upandishaji vyeo wa wahadhiri uliweka alama kwa machapisho. Mhadhiri hufuata alama zilipo. Akijua kwamba siku tatu za kuwaeleza wafugaji matokeo hazimpi chochote, na makala moja zaidi inampandisha cheo, ataandika makala. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi anayerudi kwao na majibu naye atunzwe.

Iongezwe safu ya pili katika daftari hilo. Mtafiti aliyechukua sampuli mahali fulani aonyeshe kwamba alirudi hapo kutoa matokeo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, kwa mkutano wa hadhara au kwa kipindi cha redio. Makala iliyotumia maarifa ya jamii iitaje jamii hiyo kwa jina, iwapo yenyewe imekubali. Jaribio la nyikani lililofanyika pamoja na wafugaji lihesabiwe sawa na makala ya jarida. Mambo haya yanahesabika, yana tarehe na mashahidi, na seneti yoyote ya chuo inaweza kuyahakiki.

Kwa Serikali ya Kaunti ya Isiolo, kazi ya karibu ni hii: ialike wakemia wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Nairobi na icipe, wakae na wafugaji wa Leparua na kata jirani, wamchunguze kupe wa pundamilia kwa njia zilezile zilizomfichua kupe wa sikioni, na waijaribu hagar juu ya ng'ombe halisi, penye malisho halisi. Miti ipo, kupe wapo, na makala za kuanzia zimekwisha kuandikwa. Na kwako mfugaji: mtafiti akija kuomba jani, utomvu au harufu ya sikio la ng'ombe wako, mpe kwa masharti kwamba ataleta majibu, na mwandike jina lake na tarehe aliyoahidi kurudi.